Nilimvalisha mwanangu kanzu nikijua Mufti anakuja shuleni

Wazazi wenzangu mnaojiandaa kuleta watoto Uingereza, au mshawaleta na mwezi wa tisa wanaanza shule, kaeni niwape kisa changu. Juzi ndugu mmoja mgeni huku kaniuliza Mufti anaingia shuleni saa ngapi, swali lile lile lililoniponza mimi miaka ile, nikacheka mpaka nikakohoa, halafu nikajiona mbaya maana mimi siku yangu sikucheka hata kidogo. Basi nimesema niandike yote na hasara zake na aibu zake, asomaye acheke ila asirudie.

Mimi ni mtu wa Tanga. Tulifika Coventry Januari 2018, mke wangu ndo aliyekuwa anasoma, mimi nimekuja kama mtegemezi wake pamoja na mtoto wetu wa kiume, wakati ule ana miaka sita. Kazi niliyopata ni ile mnayoijua wote, kubeba maboksi, usiku, kwa ejensi, yaani usipokwenda hulipwi na wala hakuna atakayekuuliza unaumwa nini. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, nafika nyumbani namuandaa mtoto nampeleka shule, ndo nalala. Barua za shule nazisoma katika hali hiyo, jicho moja limeshalala. Ukishaelewa hapo utaelewa na yaliyofuata.

Barua yenyewe ilikuja Jumatatu tarehe 4 Juni, imekunjwa ndani ya begi la mtoto pamoja na ganda la ndizi. Mistari mitatu. Ijumaa tarehe 8 itakuwa Mufti Day, kila mtoto tunaomba aje na chupa, halafu pale mwisho kuna neno tombola, mimi silijui nikaliruka. Nikaisoma mara mbili. Nikasema Allahu Akbar, Mufti anakuja shuleni kwa mwanangu.

Msinicheke kwanza. Ule ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Ijumaa ile ilikuwa inaangukia mwezi 23, kumi la mwisho kabisa. Kule mji ule misikiti ipo mingi, nusu ya darasa la mwanangu ni watoto wa Kipakistani, Kibangladeshi na Kisomali, na meya wa London mwenyewe alikuwa Muislamu. Sasa shule ikimualika Mufti kuja kuzungumza na watoto siku ya Ijumaa ndani ya Ramadhani, kuna ajabu gani? Mimi niliona ni ustaarabu wao tu hao wazungu, na nikajisikia vizuri sana kwamba nchi ya watu wanatuheshimu hivi.

Na neno lenyewe nalijua! Hapo ndo penye mtego. Neno ambalo hulijui utaliuliza, au angalau litakukera mpaka uende ukalitafute kwenye simu, lakini neno unalolijua tangu utotoni unalipita kama mlango wa nyumbani kwenu. Mtoto wa Tanga asijue Mufti? Kwetu Mufti ni mmoja tu Tanzania Bara nzima, ndo kiongozi wa BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, tangu 2015 ni Sheikh Abubakar Zubeir baada ya Mufti Simba kufariki, akitembelea mkoa watu wanatoka na madufu na kaswida. Sikuona sababu ya kufungua kamusi.

Mke wangu aliona. Aliniambia "Baba'ke, hiyo Day ni ya nini? Mbona hawajataja jina la mgeni wala saa? Piga simu ofisini uulize." Nikamjibu kwa kiburi cha mfungaji mwenye njaa, nikamwambia wewe na masters yako unataka kunifundisha Mufti ni nani. Akanyamaza. Ukishaona mkeo kanyamaza hivo na wewe jiulize mara mbili, ila mimi sikujiuliza.

Badala yake nikakimbilia kwenye grupu letu la wasapu, tupo kama watu 60 humo, Watanzania na majirani zetu, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba Alhamdulillah Ijumaa shule ya mwanangu inapokea ugeni wa Mufti. Bana, grupu lilichemka. Kila mtu anataka kujua ni Mufti yupi. Mmoja wa Unguja akasema huyo si wa bara, atakuwa wa Zanzibar maana wao wana Mufti wao na ofisi yake na sheria yake tangu 2001, hawamtegemei wa BAKWATA. Mwingine akaja na jibu zito zaidi, akasema atakuwa Sheikh Ahmed Al-Khalili, Mufti wa Oman, ambaye ni mzaliwa wa Zanzibar na ameshika nafasi hiyo tangu 1975, kwa hiyo Kiswahili anakijua na watoto wetu ataongea nao. Mtu akamjibu mzee wa umri ule atoke Muscat aje shule ya msingi Coventry kufanya nini? Mganda akauliza isijekuwa ni Mufti Mubaje wao. Dada wa Mombasa akasema nyie mna bahati, sisi Kenya kwenye katiba tuna Kadhi Mkuu, Mufti wa serikali hatuna.

Hapo likazuka darsa zima la tofauti ya kadhi na mufti, na nakiri lilinifaidisha. Kadhi anahukumu, mnakwenda mbele yake mmegombana, akishasema imekwisha, hukumu inakufunga. Mufti anaulizwa swali anatoa fatwa, yaani anakueleza dini inasemaje kwenye jambo lako, kulifuata ni juu yako na Mola wako. Neno lenyewe la Kiarabu linatokana na huko huko kwenye kufutu, yaani kutoa fatwa. Halafu ndugu mmoja wa Leicester akatuzindua kwamba huku msitafute Mufti wa nchi, Uingereza hakuna cheo hicho serikalini, hawa wenzetu wa Pakistani na India mtu akimaliza ile kozi ya juu ya kutoa fatwa anaitwa Mufti fulani, ndo maana unaweza kumkuta Mufti kijana wa miaka 30 anaswalisha msikiti wa mtaani kwenu. Wote tukaridhika. Nikaamini ni Mufti wa mtaani, na mtaani si haba.

Mnaona lakini? Watu wote wale, wanajua Mufti wa Zanzibar, wa Oman, wa Uganda, na hakuna hata mmoja aliyeniambia ndugu hebu isome tena barua. Wale wenye jibu, akina mama wenye watoto wakubwa mashuleni, walikuwa makazini. Dada mmoja aliyeishi huku miaka 14 aliiona meseji yangu Jumamosi mchana, akaweka vicheko saba tu na hakuandika neno.

Sasa maandalizi. Alhamisi sikulala. Nimetoka maboksini nikapanda basi mpaka Foleshill Road kwenye yale maduka ya nguo, nikamnunulia mtoto kanzu, hii ya Kisaudia yenye kola, paundi 15, na kofia paundi 5. Kisha nikapiga simu ejensi kuwaambia usiku ule siendi, maana nilitaka Ijumaa asubuhi niwe na macho ya kumtazama Mufti. Shifti yangu ni ya masaa 10, kima kilikuwa paundi 7.83 kwa saa, piga hesabu, hapo nimeachia 78.30. Jumlisha kanzu na kofia ni paundi 98 na ushee, karibu laki tatu za madafu kwa bei ya wakati ule, zimekwenda kwa ajili ya mistari mitatu ambayo sikuiuliza.

Na chupa je? Hii ndo inayoniuma. Wameandika mtoto aje na chupa, mimi akilini mwangu chupa na Mufti inakutana wapi kama si kwenye kusomewa maji? Sisi pwani mtu akisikia sheikh mkubwa anapita anapeleka maji yasomewe, ya mgonjwa, ya mwenye mimba, ya mtoto anayelia usiku. Nikasema hawa wazungu nao wamejua mpaka hili! Mama yangu Tanga goti lilikuwa linamsumbua mwaka wa pili. Nikatafuta chupa ya lita moja, nikaiosha, nikajaza maji ya bomba, na ili isije ikachanganyika na za wenzake nikabandika karatasi nimeandika kwa kalamu nene MAMA GOTI. Usiku ule nikampigia nikamwambia mama maji yako kesho yanasomewa na Mufti. Alifurahi, akaniombea dua ndefu simu ikakata salio.

Ijumaa ikafika. Na mimi nimevaa kanzu yangu na kofia ya kiua niliyotoka nayo nyumbani, udi tumejifukiza, tukatoka baba na mwana tunang'ara. Saa tatu kasoro robo tupo getini.

Naona watoto wanaingia na jinzi. Naona Spaidamani. Naona binti wa kifalme mwenye taji la plastiki. Jezi za timu ya taifa ya Uingereza ndo usiseme, maana Kombe la Dunia la Urusi lilikuwa linaanza wiki inayofuata. Wallahi wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba hawa watu hawana haya, mgeni mkubwa kama huyu unamvalisha mtoto pensi? Kisha nikamuona mtoto wa Kisomali na jezi juu ya hijabu, na mtoto wa imamu wa msikiti wa jirani, mtoto wa imamu kabisa, na raba na fulana ya dinosaria. Tumbo likaanza kunicheza.

Nikaenda dirishani kwa mama wa ofisi, nikamuuliza kwa adabu, Mufti anaingia saa ngapi? Akanitazama kwa tabasamu akasema "Ni siku nzima." Nikasema mashallah, siku nzima! Nikamuuliza sasa naruhusiwa kusubiri nimuone? Akasema umuone nani? Nikasema Mufti. Kukawa kimya. Akanitazama kanzu, akamtazama mtoto kanzu, uso ukambadilika kidogo kidogo, nikaona kabisa anaipanga sentensi isije ikaniumiza. Akanieleza polepole kwamba mufti ni nguo. Siku ya kutovaa sare, mtoto anakuja na nguo zake za nyumbani. Chupa ni za bahati nasibu ya tamasha la shule, kesho Jumamosi, ndo hiyo tombola, chupa yoyote inafaa, soda, shampuu, tomato.

Wakati ananieleza, chupa ya maji ya mama ilishapokelewa, ipo kwenye boksi nyuma yake, imeegemea chupa ya divai nyekundu. Ningeweza kusema samahani naomba ile. Sikuweza. Unamuelezaje mtu yale maji ni ya nini? Nikasema asante nikaondoka, kanzu inanipepea, njia nzima naona kila gari linanicheka.

Lakini mimi ni mtu mzima, aibu yangu ilikuwa ya asubuhi moja. Aliyelipa ni mtoto. Mchana naenda kumchukua ametoka kanzu kaikunja mkononi, amebaki na suruali ya ndani ile nyeupe na fulana. Mwalimu aliniambia alimsifia mbele ya darasa kwamba amependeza, na naamini alifanya hivo, ila wakati wa kucheza mtoto mwenzake alimuuliza kwa nini umevaa gauni. Swali tu la mtoto, si ubaya. Mwanangu hakunilaumu, aliniuliza njiani "Baba, kwani hukujua?" Nikamwambia nilijua, wao ndo wamekosea jina. Hilo ni kosa kubwa kuliko la barua, kumdanganya mtoto nilinde heshima yangu. Idi ikaangukia Ijumaa iliyofuata, tarehe 15, akakataa kuvaa kanzu. Alikwenda kuswali na jinzi. Mimi mbele naye nyuma, watu wote kanzu, yeye jinzi, na nilikuwa sina mdomo wa kusema. Nilikuja kumwambia ukweli kwamba baba hakujua na kumuomba radhi baada ya wiki kama tatu hivi, na nilichelewa.

Jumamosi nilikwenda kwenye tamasha nijaribu kuikomboa chupa. Tombola inakwenda hivi, unanunua kijikaratasi senti 50, namba ikiishia na 5 au 0 umeshinda, unapewa chupa yenye namba hiyo. Nikanunua kumi, paundi 5 nyingine hizo. Nikashinda sosi ya kahawia, nikashinda sabuni ya kuogea ya mapovu, na ya tatu, na saumu yangu, nikashinda divai, nikairudisha mezani mama anayeuza akaniona mkarimu. Maji yangu yalichukuliwa na babu mmoja mzungu, ana fimbo, alisoma ile karatasi akaigeuza geuza, kisha kwa kuwa kulikuwa na jua akafungua akanywa nusu hapo hapo. MAMA GOTI ikaondoka hivo mbele ya macho yangu.

Aliyenitegulia kitendawili cha neno lenyewe ni jirani yetu, mzee wa Kipakistani, alitualika futari. Huku juni futari ni saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo mnakaa muda mrefu mnaongea mnasubiri. Nikamsimulia, akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni. Akasema kwao Karachi polisi akifanya kazi bila sare watu wanasema yupo mufti, neno hilo limeletwa na jeshi la Waingereza waliotawala India. Nikaenda kusoma zaidi mwenyewe, na maelezo yanayotolewa na wengi ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 maofisa wa Kiingereza wakiwa nje ya zamu walikuwa wanavaa joho refu la kupumzikia, ndara na kikofia chenye kishada, na hivo ndo walivyozoea kumuona mufti akiigizwa kwenye majukwaa ya michezo kwao, basi utani ukageuka neno. Vazi la sheikh likawa jina la nguo yoyote isiyo sare. Mpaka leo mwanajeshi mzungu akivaa suruali na shati la kawaida yupo kwenye mufti.

Niliona ni dharau kidogo, kusema kweli. Cheo cha elimu kinaishia kwenye fulana ya dinosaria? Nikampigia mama kumuungamia mambo ya maji, nikamueleza na hili la neno huku nimekasirika. Mama yangu hakusoma sana, lakini alinikata pale pale, "Mwanangu we, kwani sisi hatusemi askari kanzu?"

Nikakaa chini. Askari kanzu! Polisi asiye na sare kwetu anaitwa askari kanzu, hata akiwa amevaa jinzi na fulana ya Simba, hata akiwa Mkristo wa Moshi ambaye kanzu hajaivaa maishani. Wazee waliwaona wale askari wa kikoloni wakivua kaptula za kazi na kuvaa kanzu wajichanganye na watu, neno likakaa. Waingereza wamesema mufti, sisi tumesema kanzu, mambo ni yale yale, hasira zote zikanitoka. Nilikuwa nalo jibu kwa lugha yangu siku zote nikaenda kununua kanzu ya paundi 15.

Sasa baada ya hapo msidhani niliacha kukosea. Jina la mufti siyo shule zote wanalitumia, na hapa ndo naomba wageni mnisikilize. Shule nyingine wanaandika non-uniform day, nyingine own clothes, nyingine dress-down, yote ni kitu kimoja. Ndugu zangu walioko New Zealand na Sydney wananiambia huko mufti ndo jina hasa, na mtoto anatakiwa aende na sarafu ya dhahabu, nayo usiende sonara, ni dola moja au dola mbili tu kwa sababu sarafu zake zina rangi ya dhahabu. Aliyeko Afrika Kusini ataona civvies. Huku kwetu kawaida ni paundi moja, mchango wa hiari wa jambo fulani, na mtoto asiyenayo hafukuzwi wala hasemwi, kwa hiyo mzazi asimzuie mtoto kwenda shule kwa ajili ya paundi kama nilivyosikia mmoja alifanya. Wakati mwingine badala ya pesa wanataka chupa, au chokoleti, ikikaribia tamasha la kiangazi au la Krismasi. Mimi sasa hivi huwa napeleka tomato.

Novemba mwaka ule ule kukawa na siku nyingine ya namna hiyo, mimi nimeshakuwa mjanja, jinzi tayari, paundi tayari. Paundi yenyewe alikuwa ameniachia binamu yangu aliyerudi Tanga, alinipa kikopo chake cha chenji chote. Ofisini wakairudisha. Zilikuwa zile paundi za mviringo za zamani, zimeondolewa kwenye mzunguko Oktoba 2017, iliyopo ni yenye pembe 12, zile unazipeleka benki tu. Kikopo kizima nilikuwa nakihesabu kama akiba! Ukirithi chenji ya mtu huku, iangalie.

Machi 2019 likanikuta lingine. Alhamisi ya kwanza ya mwezi ule ni siku ya vitabu, World Book Day, barua ikasema watoto wasivae sare. Mimi nikajisemea hiyo mufti hiyo, nikampeleka na jinzi. Kumbe siku hiyo mtoto anavaa kama mtu wa kwenye hadithi. Tukakuta wachawi, maharamia, na mtoto mmoja kavaa kama kiwavi mzima mzima, wangu na jinzi. Kwa hiyo barua ikisema tu bila sare usiishie hapo, soma sababu ya siku, Disemba ni sweta za Krismasi, Novemba kuna siku ya soksi mbili zisizofanana, kila moja ina lake.

Na kuna siku nilisahau kabisa, mtoto kaenda na sare peke yake kati ya watoto 30. Kuvaa sare peke yako kunauma kama kuvaa kanzu peke yako, ameniambia mwenyewe. Nilikimbia nyumbani dakika 15 kwenda na 15 kurudi nikamletea suruali. Tangu siku ile begi lake lina jinzi na fulana chini kabisa, imekunjwa, na kwenye friji nimebandika kalenda ya shule. Na kwenye grupu la wazazi la darasa, si la Watanzania, la darasa, ndo nauliza mapema hata swali la kijinga, na nimegundua maswali yangu ya kijinga yanaokoa Wapolandi wawili na Mromania mmoja ambao nao walikuwa wamekaa kimya wanaogopa.

Masharti nayo yapo hata kama ni siku huru, angalia barua. Kuna shule hawataki jezi za mpira kwa sababu ya ugomvi wa timu, ndara hawaruhusu, viatu vya visigino na blauzi za kitovu nje wasichana wanarudishwa. Kama siku hiyo kuna michezo vaa raba. Nguo mpya usinunue, nasisitiza, mimi nimeona wazazi wageni wanakwenda kununua pea nzima ya paundi 40 kwa ajili ya siku moja mtoto aende kubingirika kwenye nyasi. Hiyo pesa weka kwenye sare zenyewe, na hata hizo chukua sweta moja lenye nembo ya shule, yaliyobaki nunua yasiyo na nembo supamaketi ikiwa shule yenu inakubali, nyingi zinakubali.

Ile kanzu mnauliza? Ilikaa kabatini karibu miaka miwili. Machi 2020, wiki chache kabla shule hazijafungwa kwa korona, siku ya vitabu ilipokaribia nikamuuliza mwanangu unataka kuwa nani, nimejiandaa kusikia Spaidamani. Akasema Abunuwasi. Mama yake alikuwa anamsimulia usiku. Kanzu ilimfika magotini na kofia haikuingia, akaenda hivo hivo na punda wa karatasi tuliyemkata kwenye boksi, boksi la kazini kwangu hilo.

Mama goti lake lilipoa lenyewe, au labda ni zile dawa za kuchua alizopewa hospitali, hajui. Ila nikimpigia hata sasa, tukishamaliza salamu na habari za watoto, lazima aniulize yule babu wa kizungu aliyekunywa maji yake anaendeleaje.